Ng'ombe Wasio na Majina

Mwalimu alipomsifu Remina mbele ya darasa zima, Tabu aliinama kuficha uso. Yeye alikuwa amehangaika na JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa wiki tatu. Remina, aliyeanza juzi tu, alikuwa ameshaandika kiolezo kimoja cha ng'ombe wa kwenye programu na kutoa humo ng'ombe kumi, kila mmoja na jina lake.

Remina alipotoka kunywa chai, Tabu aliisogelea kompyuta ya mwenzake akafuta "this", neno dogo linalomwambia kila ng'ombe kwamba jina ni lake.

Remina alirudi, akaiendesha programu. Majina yote yalikuwa yametoweka.

"Dada Tabu," aliita, "hebu nionyeshe nilipokosea. Wewe umenitangulia."

Akajisogeza, akamwachia nusu ya kiti. Tabu akaketi, bega kwa bega naye, mikono mapajani.