Kikuku cha Sikitu

Siku hizi umeme tunaulipia kwa kuikanyaga njia ya waenda kwa miguu. Nyumba isiyotembea huzimiwa taa. Njia inakutambua kwa kikuku cha mguuni, na hata mlango wa kwako unafunguka kwa hicho hicho.

Mimi goti langu limezeeka kunishinda. Basi nikamvisha kikuku mbuzi wangu, Sikitu, akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni. Taa kwangu zikawaka kama kuna harusi.

Jirani yangu Mwanahawa akaniita dirishani. "Shoga, njia imemwamkia mbuzi wako shikamoo!"

"Kaitikaje?"

"Kala maua ya mtaa."

"Basi ndiye mimi huyo. Adabu sikuwa nayo toka zamani."

Juzi mtaa ukatangaza kwamba Bi Chausiku ndiye mzee hodari kuliko wote, akachukue kanga ya zawadi. Chausiku ni mimi. Sikitu alikwisha toka, nami kwa tamaa ya kanga nikajikongoja peke yangu.

"Mgeni, kikuku kiko wapi?" njia ikauliza.

"Mgeni nani? Mimi ndiye Chausiku!"

Ikanijibu kwa upole, "Bi Chausiku amekwisha pita. Anatembea vizuri sana."

Nikarudi nyumbani, mlango ukagoma. Nikakaa kizingitini mpaka Sikitu alipokuja, kanga mpya imefungwa shingoni. Mlango ukamfungukia, taa zikawaka, naye akaingia bila hata kunitazama.

Nikasimama, nikajitengeneza ushungi.

"Hodi, Bi Chausiku," nikasema.