Gego la Mwisho la Dalali

Dalali alipanua kinywa kabla hajaambiwa. Mnadani aliweza kuuza kabati lisilo na mlango, na watu wakaligombania. Mbele ya mwanamke huyu, daktari wa meno, ulimi wake ulikuwa mzigo tu.

Mara ya kwanza alikuja akilalamika kwamba meno ya mbele yameanza kupandana. Mwenyewe alishajipima kwa mdomo: magego ya mwisho ndiyo yanayoyasukuma.

"Hayasukumi kitu," daktari alimwambia, akicheka kidogo. "Meno ya mbele hubanana yenyewe, umri ukisogea."

Neno umri lilimchoma. Lakini magego yenyewe, daktari akaongeza, yameoza yote manne, na lazima yatoke. "Tutakwenda taratibu. Moja moja."

Dalali alirudi nyumbani akiufurahia uozo wake kama aliyepandishwa cheo. Tangu siku hiyo, kila alipokuja alikuwa na maneno aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo, na kila mara alipigwa sindano ya ganzi kabla hajayatoa. Alitoka na pamba mdomoni na mate kidevuni, akipunga mkono kama bubu.

Leo lilikuwa gego la mwisho. Asiposema leo, basi tena. Angerudi kwa kisingizio gani? Mapokezini alipishana na mama aliyevimba mashavu yote mawili, akamwonea huruma. Akaketi kitini, akajikaza.

"Daktari, mimi..."

"Panua zaidi," daktari akasema, na sindano ikaingia.

Gego likatoka. Dalali akalitazama kwenye kisahani kama mtu aliyefiwa. Mwanamume mzima, akajiambia, unalilia jino bovu. Daktari alikuwa akifuta koleo ambalo lilishakuwa safi.

"Basi, tumemaliza," akasema polepole.

"Mm," akajibu Dalali. Posa yake yote ikaishia hapo.

Nesi akaingia kuchukua vyombo. "Afadhali, kaka. Safari zako zilikuwa haziishi."

Dalali akamwonyesha vidole vinne, kujitetea.

"Hata yule mama uliyepishana naye alikuwa nayo manne," nesi akasema. "Katolewa yote leo, kwa mkupuo. Wagonjwa wote tunawamaliza siku moja. Nimeuliza wee, daktari anasema wewe lazima uje moja moja."

Nyuma yao, koleo likaanguka sakafuni.