Kilichobaki Ukutani

Siku hizi kuta za nyumba zinatunza sauti. Mwanamke akiuawa na mumewe, majirani huitwa ofisi ya mtaa, sauti za ukuta zikafunguliwa, kila mmoja akasikilizishwa alichokisikia siku ile.

Mwanahawa hakutulia kwenye benchi. Mumewe alimtaka awe amerudi kabla ya adhuhuri, na adhuhuri ilishapita. Kwenye spika, jirani yake Zamda alikuwa bado hai, analia, anamwita kwa jina la mwanawe: "Mama Shufaa! Nifungulie, Mama Shufaa!" Mara taarabu ikapanda, ikamfunika kabisa.

"Redio hiyo ya nani?" akauliza mwenyekiti.

"Yangu," alisema Mwanahawa, akisokota pindo la kanga. "Nilikuwa namsitiri. Yalikuwa mambo ya mtu na mumewe. Nikasema aibu yake isifike barabarani."

Bi Sauda, anayepakana naye upande wa pili, alishika shavu. "Jamani, Mama Shufaa! Hata hodi hukupiga?"

Wote wakatia saini ahadi ileile: ukisikia, gonga mlango. Bi Sauda ndiye aliyetangulia kusaini.

Mwanahawa alikwenda nyumbani mbiombio. Mumewe alimpisha aingie, akafunga mlango, akasukuma komeo.

"Umewaambia nini?"

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa Bi Sauda. Akaupiga kwa kiganja, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zote.

"Bi Sauda! Nifungulie!"

 Upande wa pili, redio ikapandishwa sauti.