Shibe ya Bi Mwantumu

Siku hizi kila jiko lina kisanduku cha sumaku. Cha zamani kilijaza chumba kizima cha hospitali, na majibu yake yalingojwa siku nyingi. Hiki, kabla chai haijachemka, kimeshasoma tone la mkojo la kila mtu na kusema ameamkaje.

Bi Mwantumu alivua bangili isivutwe na sumaku, akatia kichupa chake cha mkojo kisandukuni.

"Bibi amelala na njaa," kisanduku kikasema kwa upole. "Leo siku ya tatu."

Mwanawe Kombo akaweka kikombe chini. "Mama, jana si ulisema umeshiba?"

"Nilishiba, mwanangu."

Mwezi ule chakula kilikuwa haba, na mjukuu wake, Raya, alikuwa kwenye umri wa kula. Mama yake Bi Mwantumu naye alikuwa akisema "nimeshiba" hivyo hivyo, akimsogezea sahani, na Bi Mwantumu alikula miaka yote ile bila kujua.

Jioni Kombo mwenyewe alimpakulia mama yake, akakaa mbele yake mpaka akamaliza. Raya alikitazama kipande chake cha mwisho cha muhogo.

"Nimeshiba, Bibi," akasema, akakisogeza kwenye sahani ya bibi yake.

Asubuhi, Kombo akiwa mlangoni anafunga viatu, mtoto alisimama mbele ya kisanduku na kichupa mkononi, hataki kukitia.

"Bibi," akanong'ona, "hakiwezi kunyamaza, leo tu?"

Bi Mwantumu akalitazama birika. Lilikuwa limeshaanza kuvuma, na kisanduku bado kilikingoja kichupa cha Raya.