Hata la Tatu

Kwenye televisheni, mpiganaji wa shemeji yake Mwenya alianguka tena bila kurusha hata ngumi moja.

"Hii version ya saba iko mubaya," shemeji akanung'unika. "Ya tatu ndio ilikuwa muzuri. Unafinya tu, muntu anapiga."

Tangu utoto wao mtaani Kasungami walikuwa wakibishana hivyo, toleo kwa toleo la mchezo ule wa katuni za Kijapani. Mwenya alikuwa na jibu tayari. Ndipo akautazama mkono wa mwenzake.

Kidole gumba kilikuwa kando ya kitufe cha manette, kile kidude cha kuchezea. Kiliminya plastiki tupu, kwa nguvu, hadi ukucha umekuwa mweupe, na mwenyewe hana habari.

Mwenya akaweka toleo la tatu. Muziki wa zamani ukaanza. Kidole kikaminya palepale.

"Unaona? Hata hii ilisha kuharibika."

"Ilisha kuharibika," Mwenya akaitikia.

Katika mashimo ya madini ya Kipushi, walikochimba wote wawili, kamba ya anayeshuka huishika ndugu. Kumnyima ndugu kamba ni kumwita mchawi.

Shemeji aliweka manette chini, akajinyoosha.

"Tulale, shemeki. Kesho mi mwenyewe nitakushusha."