Mkungu wa Mwisho

Kila nyumba ilikuwa na pipa moja, na sheria haikuruhusu la pili. Ndani yake vijidudu visivyoonekana kwa macho vilikula maganda ya ndizi na ya kahawa, vikatengeneza asidi amino, unga mweupe uliowalisha watu tangu nyama na maharage vilipotoweka. Vijidudu vikifa, nyumba haikupewa vingine.

Mwaka ule migomba ilinyauka. Jioni moja Kemilembe alitega sikio kwenye pipa lake, asisikie hata povu. Maganda yalikuwa yamekwisha. Jikoni ulibaki mkungu mmoja tu wa ndizi. Akachukua kisu.

"Mama, leo tunakula ndizi?" aliuliza binti yake, Kokugonza.

"Leo linakula pipa. Sisi tutavumilia."

Mumewe, Mutalemwa, alikuwa amesimama mlangoni. "Mama Koku, unamnyima mtoto ulishe pipa?"

"Maganda ya mkungu mmoja hayatalitosha. Pipa likifa, huyo mtoto ataishi kwa nini?" Hakuinua macho. Alizikatakata ndizi zote na maganda yake, akaziponda, akazimimina pipani mpaka ya mwisho.

Walilala na njaa. Kulipokucha, pipa lilikuwa linatoa povu taratibu. Kemilembe alicheka kwa furaha. Asubuhi ilikuwa na baridi, basi akalivuta blanketi kitandani, akalifunika pipa vizuri, akalipapasa.

"Umeshiba, mwanangu?" akanong'ona.

Nyuma yake, Kokugonza alikuwa ameketi kitandani bila blanketi, akitetemeka.

"Bado, mama," akajibu.