Ushahidi wa Picha Kumi na Moja

Tangazo la kumi na moja nalo lilikuwa la nyumba ya wageni. Ambilikile alilipiga picha ya skrini, akaihifadhi pamoja na zile kumi, kisha akarudisha simu mfukoni na kuendelea kupima majani ya chai ya wakulima waliokuwa kwenye foleni.

Tovuti iliyobeba matangazo hayo ilikuwa ya mkewe. Atupakisye aliandika humo habari za parachichi: miche, magonjwa, wanunuzi waliofika Tukuyu na bei walizotaja. Alisomwa kuanzia Suma hadi Njombe. Ulipoingia mwaka wa pili aliamua kwamba tovuti nayo imlipe, na ili ilipe ilihitaji matangazo. Hapo ndipo alipoingia Lazaro.

Lazaro alitengeneza kompyuta katika kibanda kimoja pale Makandana. Kwa alasiri tatu, yeye na Atupakisye walikaa mbele ya skrini moja wakilinganisha mitandao ya matangazo. Wa kwanza ulilipa kwa kila mbofyo, lakini haukutoa hela mpaka zifike dola mia. Wa pili ulituma malipo haraka kwa simu, ila ulijaza ukurasa michezo ya kubahatisha. Wa tatu ulilipa vizuri kuliko yote, kwa sharti kwamba uruhusiwe kuwafahamu wasomaji.

Alasiri ya tatu Ambilikile alipita hapo, akakuta wanacheka.

"Karibu, shemeji," Lazaro alisema. "Mkeo mgumu huyu! Anauhoji mtandao utadhani umekuja kuposa."

"Siku tatu kuchagua kitu kimoja?" Ambilikile aliuliza. "Mimi mke nilimchagua kwa siku moja."

"Ndiyo maana hukuuliza maswali," Atupakisye alijibu, na Lazaro akacheka tena.

Kicheko kile Ambilikile alikwenda nacho nyumbani.

Wiki iliyofuata Atupakisye alisafiri mara mbili kwenda Mbeya kufungua akaunti ya kupokelea malipo. Mara zote mbili kibanda cha Lazaro kilikuwa kimefungwa. Ambilikile alitaka uhakika kwanza. Kila alipopata nafasi kazini alipekua kwenye simu nyumba za wageni zote za Mbeya, kuanzia Uyole hadi Mwanjelwa: ipi ina geti la nyuma, ipi inakodisha chumba kwa saa, ipi haiandiki majina. Alipiga simu tatu kuuliza kama wamempokea mwanamke mrefu mwenye mwanya. Wote walimkatia.

Kisha matangazo yakaanza kutokea kwenye tovuti. Vyumba tulivu Mwanjelwa. Chumba kwa saa mbili, elfu kumi na tano. Geti la nyuma lipo. Kwa Ambilikile jambo lilikuwa wazi. Ukuta ukichorwa tangazo, mwenye ukuta amekubali na amelipwa. Mkewe alikuwa amewauzia ukurasa wake watu waliokuwa wakimpa chumba.

Jumapili baada ya ibada alimpeleka kwao Masukulu. Aliongozana na baba yake mdogo, Andongwisye, awe msemaji wa upande wake. Alitaka wazazi wampokee binti yao, na ng'ombe wake watano wa mahari warudi.

"Ng'ombe hawarudi kwa maneno, mwanangu," alisema baba mkwe, mzee Ndimyake. "Ana kosa gani?"

"Sikuja na maneno, baba. Nimekuja na picha."

Mzee Ndimyake aliishika simu, akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole. "'Faragha yako, furaha yetu.' Mwe! Atu, hii ni ya kwako?"

"Tovuti ni yangu, baba."

"Na hivi vyumba vimo kwenye tovuti yako?"

"Kama amepiga picha, basi vimo."

"Mmesikia," alisema Ambilikile. "Amekiri."

Andongwisye alitikisa kichwa. Alikuwa amekuja na maneno ya kupatanisha, lakini sasa hakuona pa kuyaweka. "Kwa hili, mzee mwenzangu, ng'ombe watembee tu."

Mzee Ndimyake aliinamisha kichwa. Danieli, kaka yake Atupakisye, ndiye aliyetoa simu yake mwenyewe na kuifungua tovuti ili aione aibu nzima. Aliperuzi juu, akaperuzi chini.

"Mbona kwangu ni mabomba ya kupulizia dawa?"

"Ameshabadilisha," Ambilikile alisema. "Ameona yamemfika." Akafungua ya kwake upya, akawaonyesha. Vyumba vinne katika ukurasa mmoja, na kimoja kilikuwa na punguzo la bei.

Andongwisye alivaa miwani, akajaribu kwenye simu yake. Ilichukua muda kufunguka.

"Kwangu ni vinanda," alisema. "Vinanda na spika." Akatazama tena. "Juzi nilikuwa natafuta bei ya kinanda cha kwaya."

Wote walimgeukia Atupakisye.

"Mimi simchagulii mtu tangazo," alisema. Sauti yake haikupanda. "Mtandao niliouchukua unamwonyesha kila mmoja kile ambacho mwenyewe amekuwa akikitafuta kwenye simu yake."

Ambilikile aliizima simu yake.

Andongwisye alivua miwani taratibu, akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Ambilikile, huyo mwanamke unayemtafutia chumba cha saa mbili ni nani?"